Zoezi la Wiki ya Tano

3 Februari

Mdogo wangu Kwanini,

Hujambo? Bado nakuita Kwanini, kwa maswali yako ya utotoni. Kifua kimepona? Sisi huku wazima. Shemeji yako bado anaendesha gari la wagonjwa, na bado analiegesha mbele ya mlango wa maabara, na bado anagombana na watu wa maabara.

Sasa kaa chini. Nimeanza shule.

Usicheke. Nakujua, umeshacheka. Hospitali inaleta kompyuta kwenye chumba chetu cha kumbukumbu. Miaka kumi na sita nimetoa faili kwenye rafu na kuzirudisha, nikifumba macho nakwambia faili ya nani iko wapi. Mganga mkuu akatuita sote watatu, akasema: atakayefaulu kozi ya mwanzo ya kuandika programu pale chuoni, ndiye atakayebaki na kumbukumbu. Asiyefaulu atapangiwa kazi nyingine. Wenzangu wawili wakasema bora wapangiwe tu. Mimi nikanyoosha mkono. Nilipoangalia juu nikashangaa kuuona uko hewani.

Basi Jumatatu na Alhamisi asubuhi niko darasani. Tuko sabini, na zaidi ya nusu ni watoto ninaoweza kuwazaa. Mwalimu wetu wamempa jina la Nukta, maana kila baada ya dakika tano anasema, "Nukta moja ikikosekana, mashine haikuelewi." Siku ya kwanza hakufundisha kitu. Alisoma jinsi tutakavyopimwa, na mimi nikaandika neno kwa neno. Mazoezi kumi ya kila wiki, alama thelathini. Jaribio la katikati, kwenye karatasi, ishirini. Mradi, ishirini. Mtihani wa mwisho, karatasi tena, thelathini. Ukipata hamsini umepita. Mazoezi yanasahihishwa na mashine yenyewe.

Wewe unafundisha mambo haya haya huko kwenu. Ndivyo mnavyofanya? Mashine inajuaje kama mtu ameelewa?

Jumapili nitapokea simu yako kama kawaida, lakini kwenye simu tunaulizana hali tu, tena shemeji yako anatega sikio. Haya ya shule nitakuandikia.

Dada yako


11 Februari

Dada,

Shikamoo. Nilicheka, ndiyo, lakini kwa furaha, na jirani wa ofisi akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia dada yangu aliyekuwa akinisahihishia hesabu amerudi kwenye dawati. Akasema hongera. Nakupa hongera zake na zangu.

Umeuliza mashine inajuaje. Hapo umenigusa, maana hii ya kwetu nimeiandika mwenyewe. Nina wanafunzi mia moja na themanini. Zamani walimu walikuwa wanabeba makaratasi nyumbani wiki nzima. Sasa mwanafunzi anatuma programu yake, mashine yangu inaiendesha, inaipa namba za kujaribia, inalinganisha jibu lake na jibu sahihi. Likilingana, alama. Lisipolingana, sifuri. Kabla sijamaliza kikombe cha chai, wote mia na themanini wamesahihishwa. Na dada, mashine haina mpwa. Haijui nani mtoto wa nani, nani mrembo, nani jana alimjibu mwalimu vibaya. Kama mimi ningepimwa hivyo shuleni, yule mwalimu wa jiografia asingenionea.

Isitoshe, kuna programu nyingine inayolinganisha kazi za wanafunzi wenyewe kwa wenyewe, kuwanasa wanaoangalizia. Nayo haikosei.

Wewe fanya mazoezi kila siku, hata nusu saa. Soma swali mara tatu. Utapita bila jasho.

Msalimie shemeji, mwambie aegeshe gari vizuri.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Naendelea vizuri. Darasa zuri, watoto wana adabu.

Nina swali dogo, si langu. Jirani yangu wa benchi aliandika programu ya kujumlisha, na jibu lake lilikuwa sahihi, kumi na mbili ni kumi na mbili. Lakini mashine ikampa sifuri. Hakuambiwa kwa nini, namba tu, sifuri. Baadaye akagundua ameacha nafasi moja mwishoni mwa mstari, baada ya namba. Nafasi, yaani pasipo na kitu. Wiki iliyofuata aliandika "jumla" kwa herufi ndogo badala ya kubwa, sifuri tena. Ni haki hiyo?

Mimi nakuuliza kwa niaba yake tu, maana ameanza kukosa usingizi.

Dada yako


9 Machi

Dada,

Shikamoo. Mwambie jirani yako asome swali. Swali linasema jibu liandikwe vipi, nafasi wapi, herufi gani. Kazi yetu ni ya umakini. Programu ya benki au ya ndege ikikosea herufi, watu wanaumia. Sifuri ya mapema inamnyoosha mtu. Najua inauma, lakini ni haki, na kila mmoja anapimwa kwa kipimo kile kile.

Wapo wanaokata tamaa, siwezi kukuficha. Hata kwangu kulikuwa na kijana mmoja wa mstari wa nyuma, wenzake wanamwita Kofia kwa sababu haivui. Kaacha kuja. Labda kapata kazi. Wengine hawana moyo wa masomo, basi.

Nafurahi wewe huna matatizo.

Mdogo wako


30 Machi

Mdogo wangu,

Hakuna jirani. Jirani ni mimi.

Nimepata sifuri tatu mfululizo, wiki ya pili, ya tatu na ya nne. Jaribio la karatasi nimepata sita kati ya ishirini. Nilikaa mbele ya ile karatasi, mdogo wangu, nikaandika na kufuta mstari mmoja mpaka ikatoboka. Kwenye kompyuta angalau nikikosea naona nimekosea. Kwenye karatasi hakuna anayenijibu. Ile barua yako ya kwamba sifuri inamnyoosha mtu niliisoma chooni hospitalini nikailoweka kwa machozi.

Lakini hayo ningeyabeba. Kuna zito zaidi.

Kweli nina rafiki pale benchi, msichana wa miaka kumi na tisa, namwita Miwani. Yeye anaandika kwenye kibodi kama mvua, ila alikuwa haelewi kitanzi, yaani ile ya kuiambia mashine irudie kitu kile kile mpaka mahali fulani. Nikamleta chumba cha kumbukumbu mchana wa mapumziko. Nikamwambia, simama kwenye rafu. Toa faili ya kwanza. Tarehe ya kurudi imepita? Hesabu moja. Irudishe. Nenda ya pili. Ukifika mwisho wa rafu, simama, niambie ngapi. Akaenda, akarudi, akasema, "Ishirini na tatu! Kumbe ndio kitanzi?" Tukacheka mpaka mfamasia akaja kutunyamazisha.

Zoezi la wiki ya tano likawa karibu hivyo hivyo: kuhesabu vitabu vilivyochelewa kurudishwa maktaba. Kila mmoja aliandika yake, kwake. Mimi nikapata alama zote tatu, kwa mara ya kwanza! Nilimpigia shemeji yako simu akiwa barabarani.

Juzi tumeitwa. Ile mashine ya kulinganisha inasema kazi zetu zinafanana kwa asilimia tisini na moja. Wote wawili tumeandika "rafu", wote "faili", na swali lilikuwa la vitabu. Tumewekewa sifuri, na Jumanne ya tarehe kumi na mbili tunakaa mbele ya kamati. Ikiamua tumeangalizia, tunafutwa kwenye kozi, na hospitali itapelekewa barua.

Shemeji yako hajui. Anaeleza watu wote wa gereji kwamba mkewe anasomea kompyuta.

Usiniandikie ya kunifariji. Niandikie ukweli. Kama ningekuwa mwanafunzi wako, ungenifuta?

Dada yako


4 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika jana na sikwenda kufundisha.

Ndiyo. Ningekufuta. Ningeangalia asilimia tisini na moja, nisaini, niendelee na chai yangu.

Najua kwa sababu nimeshafanya. Kofia sikukuambia ukweli wote. Hakuacha tu. Mwezi wa pili mashine ilisema kazi yake inafanana na ya mtu aliyesoma mwaka juzi. Nikampa sifuri na barua ya onyo. Hakuja kujitetea, nikasema moyoni, ungekuwa msafi ungekuja. Sikumuuliza hata neno moja.

Leo asubuhi nimemtafuta. Yuko karakana ya samani nyuma ya stendi, anapiga msasa milango. Nilikuwa nimechapa ile programu yake kwenye karatasi. Nikampa, nikasema, "Nieleze hii inafanya nini." Akaipangusa vumbi la mbao na kuniangalia kama anayeangalia mtu aliyekosea nyumba. Kisha akanieleza mstari kwa mstari. Alipofika katikati akasema, "Hapa ningeweza kufupisha, lakini niliogopa mashine yako ingekataa."

Nikamuuliza, "Mbona hukuja kujitetea?"

"Kwa nani, mwalimu? Barua haikuwa na jina la mtu. Ilisema mfumo umebaini."

Ile barua niliitunga mimi, dada. "Mfumo umebaini." Niliona maneno hayo yana heshima. Na kufanana kwenyewe, nimekaa nikazilinganisha kazi zote mbili kwa macho yangu mwenyewe: ni mistari kumi na nne, na njia ya maana ya kuliandika jibu lile ni moja. Kila mtu mwenye akili angeandika karibu hivyo.

Sikiliza sasa, maana una siku nane. Usiende kuomba huruma. Waombe mambo mawili. La kwanza, mhojiwe mmoja mmoja, wewe na Miwani, kila mmoja aeleze mstari kwa mstari. La pili, wakupe badiliko dogo ulifanye palepale mbele yao. Aliyenakili hawezi kubadilisha. Na uwaambie ukweli wote wa rafu, usifiche kwamba mlisoma pamoja. Kusoma pamoja si kosa.

Na mwambie shemeji. Asisikie gereji.

Nisamehe kwa ile sifuri ya kunyoosha.

Mdogo wako


15 Aprili

Mdogo wangu Kwanini,

Nilimwambia shemeji yako. Aliosha vyombo vyote, hata visafi. Halafu akasema, "Siku hiyo nakupeleka mimi." Nikamwambia si kwa gari la wagonjwa! Akasema kwa miguu.

Chumba kidogo, meza ndefu, feni inayopiga kelele. Mkuu wa idara, ambaye ni mama mwenye sauti nzito, pamoja na mwalimu Nukta na karani wa kuandika. Nikasema yale mawili uliyonifundisha. Mkuu wa idara akamtazama Nukta. Nukta akasema, "Hatuna utaratibu huo."

Mkuu akasema, "Hatuna utaratibu wa kuukataza pia. Msichana atoke nje kwanza."

Nikaeleza. Nilipofika kwenye kitanzi nikasahau kama niko kwenye kesi, nikaanza kuwaonyesha kwa mikono, hii ni rafu, hapa natoa, hapa narudisha. Nukta akanikatiza: "Kwa nini rafu? Swali lilisema vitabu."

"Mwalimu, mimi vitabu vya maktaba sijawahi kuvishika. Faili nazishika kila siku. Nikiandika kitu ninachokijua, sipotei."

"Na mwenzio?"

"Kitanzi nilimfundisha mimi, kwenye rafu zangu, mchana. Kuandika haraka ananifundisha yeye. Programu kila mtu aliandika kwake."

Akasogeza kompyuta. "Ibadilishe. Sasa nataka ihesabu zile zisizo na tarehe kabisa."

Mdogo wangu, nikavuta kibodi. Naandika kwa vidole viwili, wao watatu wananitazama, feni inalia. Nikaandika, nikaendesha. Ikatoa makosa. Nikasikia karani anavuta pumzi. Nikasoma lile tangazo la makosa mara tatu, kama ulivyosema kuhusu swali. Nilikuwa nimesahau kufunga mabano. Nikafunga, nikaendesha. Nne. Jibu lilikuwa nne.

Kisha Nukta akaniuliza, na sasa sauti ilikuwa nyingine, "Wiki ya pili mpaka ya nne una sifuri. Ulikuwa unaweza hivi?"

Nikamwambia nilikuwa naweza, ila nilikuwa naacha nafasi mwishoni. Akafungua zile kazi palepale. Akazisoma. Akajishika paji la uso.

Miwani naye alipita. Alivyotoka alinikumbatia tukakaribia kuanguka ngazini. Tumesafishwa wote. Alama za wiki ya tano zimerudi. Zile sifuri tatu zimebaki, kanuni hairuhusu kurudi nyuma, na sikubishana. Ila tangu jana mashine ya Nukta inasema kosa liko wapi na inakuruhusu utume tena kabla ya Ijumaa. Darasa zima linadhani imetengenezwa tu.

Nilipotoka nje shemeji yako alikuwa amesimama kwenye jua, alikataa kukaa kivulini eti nisije nikatoka nisimwone.

Dada yako


5 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako kwa sauti kwenye kikao cha walimu, bila kutaja ni ya nani. Samahani. Mkuu wetu alipiga kelele: "Una wanafunzi mia na themanini, utawasikiliza lini?" Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Dakika nne kila mtu ni saa kumi na mbili. Nikizigawa kwa wiki mbili, inaingia. Amenipa kundi moja la wanafunzi sitini nijaribu.

Nimeanza jana. Binti mmoja mwenye alama zote hakuweza kunieleza hata mstari mmoja. Mwingine, mwenye alama mbovu, alinieleza kila kitu na akanionyesha kosa kwenye swali langu mwenyewe. Dada, nimekuwa nikipima nini miaka miwili hii?

Barua ya onyo ya Kofia nimeifuta, na mpya nimeiandika kwa jina langu, kwamba nilikosea. Nimempelekea mkononi. Amesema atafikiria. Sikumsukuma.

Mtihani wako wa mwisho lini?

Mdogo wako


27 Juni

Mdogo wangu,

Kwenye simu sikukwambia kitu kwa makusudi, nilitaka nikupe yote kwa mpigo.

Matokeo yalibandikwa Jumatano. Mazoezi alama kumi na nane, jaribio lile lile sita, mradi kumi na moja, mtihani wa mwisho kumi na nne. Jumlisha mwenyewe. Arobaini na tisa. Moja, mdogo wangu! Nilisimama mbele ya ule ubao mpaka watu wakaanza kunipitia pembeni kama nguzo.

Nukta akaniita ofisini. Akafunga mlango, akasema, "Moja naweza kukuongezea. Hakuna atakayeuliza."

Usinione mjinga. Nilitamani. Nilifikiria rafu zangu, nikafikiria shemeji yako na watu wa gereji. Lakini nikakumbuka ile siku ya kamati, jinsi nilivyotoka mle ndani nimenyooka. Nikamwambia, "Mwalimu, usiniongezee. Nisomee tena swali la nne, lile la kutafuta faili ni ya ngapi kwenye rafu. Nimepewa moja kati ya tano, na mimi naamini programu ile inafanya kazi."

Akaitoa karatasi. Akasema msahihishaji ameona haifanani na jibu la mfano. Mfano unaanza rafu mwanzo kwenda mwisho, mimi nimeanza mwisho kurudi mwanzo. Ndiyo, nikamwambia, kwa sababu faili za karibuni zipo mwisho, na ndizo zinazotafutwa zaidi.

Akakaa kwenye kompyuta. Akaandika programu yangu, herufi kwa herufi kama nilivyoiandika kwa mkono, hata pale mwandiko ulipopinda akaniuliza, "Hii ni nini?" nikamjibu. Akaipa namba za kwanza. Ikajibu sawa. Akaipa nyingine, ngumu. Sawa. Akaipa rafu tupu, isiyo na faili hata moja, nami nikafumba macho. Ikajibu sifuri, na kwa mara ya kwanza tangu Februari nikaipenda sifuri.

Akakata ile moja, akaandika tano. Hamsini na tatu.

Akasema, "Sijakupa kitu."

Nikamwambia, "Najua. Zilikuwa zangu."

Siku ile ile akaamuru swali la nne la darasa zima lisahihishwe upya, kwa kuendeshwa. Wamepanda watu saba. Miwani amefika sabini na nane na anajifanya si kitu.

Barua yako ya kwamba Kofia amerudi na anakaa mstari wa nyuma vile vile niliipata. Nimefurahi. Muache huko huko nyuma, mradi anaongea.

Jumatatu nimekabidhiwa ofisi mpya ya kumbukumbu. Kompyuta nne, viti vya kuzunguka, na shemeji yako amekuja kuvizungusha vyote. Na kesho saa tatu asubuhi nina mgeni: mhudumu wa wodi ya watoto, ana miaka hamsini na mbili, anataka kujaribu kozi mwakani na ameomba nimwonjeshe kwanza. Leo alinisimamisha kwenye korido, ameshika ndoo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtihani.

Nikamwambia upo.

"Nikikosea je?"

Nikamwambia utavuta kiti, utakaa hapa karibu yangu, utanieleza ulikuwa unafikiria nini.

Akaiweka ndoo chini, akasema basi atakuja saa mbili na nusu.

Dada yako